Kasusia jimbo kwa ajili yangu, mimi nimerudishwa home bila hata senti

Mjukuu_wa_Ujiji
Salamu baadae wakuu, nina hasira. Simtaji jina, wote mnamjua, yule msanii wa nywele zile.

Leo nimepanda mabasi mawili kwenye jua la Phoenix, huku Arizona, jua la kukaanga yai pamoja na kuku aliyelitaga, nikafika ukumbini, aproni nimeshavaa, sosi ya nachos imeshachemka, naambiwa shoo hakuna. Kisa SB 1070, ile sheria ya Arizona aliyosaini gavana Jan Brewer Aprili 23, 2010, iliyotaka polisi akikusimamisha akakushuku hujaingia kihalali akudai makaratasi. Sheria mbovu, sikatai, mimi mwenyewe na lafudhi yangu ya Ujiji natembea na makaratasi yote begani kama mganga na mkoba. Lakini sikilizeni kilichonikuta. Supavaiza ananisomea tangazo kwa sauti, eti msanii anasusia Arizona kwa ajili ya wahamiaji, ananiangalia, alafu ANANIPIGAPIGA BEGA. Hongera bwana, hii ni kwa ajili yako.

Kwa ajili yangu!! Wahamiaji zamu ile tulikuwa mimi, mama wa Sonora, Mexico, anayefagia na Mkongo wa parking, na ndio sisi watatu tuliorudishwa bila malipo. Supavaiza analipwa kwa mwezi. Ananipigapiga bega na sosi mkononi! Bega bado linawaka.

Kibuyu_Kitupu
Uzi mzima kwa ajili ya bega? Paka mafuta ya taa ulale.

Ngalawa
Mkuu acha ubinafsi. Arizona hiyohiyo 1990 walipiga kura wakaikataa sikukuu ya Martin Luther King, NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, wakawanyang'anya Super Bowl, fainali yao, ya 1993 wakaipeleka Pasadena, 1992 wakapiga kura tena wakaikubali fasta. Zack de la Rocha, yule mwimbaji wa Rage Against the Machine, alipoanzisha Sound Strike, mgomo wa wasanii kususia Arizona, mwezi wa 5 2010, akina Kanye West wakaingia, hesabu ni ileile, mpaka mfuko uume.

Mjukuu_wa_Ujiji
Mfuko uliouma ni wangu. Na Super Bowl haikupigwapigwa bega.

BintiTanga
Mbona Lady Gaga kaja Julai 31, kajichora mkononi kuipinga hiyo sheria na shoo kapiga? Kumbe inawezekana kupinga huku watu wanauza soda zao.

Ngalawa
Gaga kaja siku 3 baada ya jaji Susan Bolton kuvizuia vile vipengele vibaya, mteremko huo, hata mimi ningejichora.

Kachumbari
Nyie mnalia msanii hajaja, sisi huku Bongo wanakuja na bado tunalia. Tangazo linasema saa 2 usiku, jamaa kapanda stejini saa 9 alfajiri, kaweka CD, kapiga kelele "mikono juu" robo saa nzima, kashuka. Mikono yenyewe imeshaganda.

Mwana_wa_Likoni
Afadhali yenu nyinyi. Mie nilikata tiketi ya VIP nikapewa kiti cha plastiki cha miguu mitatu, shoo nzima nimeegemea ukuta kama ngazi.

Kibuyu_Kitupu
Hahahaha VIP ya ukutani

Mjukuu_wa_Ujiji
Jamani turudi kwenye bega. Mtu mzima na familia yangu, ananipigapiga kama mtoto aliyemaliza uji

BintiTanga
Mie viti vya plastiki msiniambie, shemeji alikodisha mia kwa harusi ya mdogo wangu vikarudi themanini na moja, mpaka leo tunaangaliana kwa macho ya pembeni.

Mwana_wa_Likoni
Hivyo kumi na tisa ndo nilikalia mimi

Kibuyu_Kitupu
Hivi nachos ndo nini?

Mjukuu_wa_Ujiji
Chipsi za mahindi unazimwagia jibini la moto. Tunauza dola 6.

Kachumbari
Dola 6? MAHINDI?? Subirini hapohapo nafungua uzi.