Gemu la Arcanum: mgeni alicheze kama lilivyo, au tumwekee viraka (marekebisho ya mashabiki) kwanza?

Mwanzisha mada, Area C
Wakuu, habari za jioni. Kuna dogo wa chuo, pale UDOM, aliniomba nimtajie gemu la kompyuta la zamani lenye hadithi. Nikamwambia anunue Arcanum, lile la studio ya Troika la mwaka 2001. Siku ya tatu kanipigia: "Kaka, umeniingiza chaka."

Kwa ambao hawalijui: waanzilishi wa Troika ni Tim Cain, Leonard Boyarsky na Jason Anderson, ambao kabla ya hapo walikuwa kwenye gemu la Fallout la 1997. Gemu linaanza na ndege kubwa ya puto kutunguliwa. Dunia yake ina mazimwi na vibeti, ila viwanda vimeshaingia: reli, bastola, mitambo ya mvuke. Na uchawi na ufundi havikai chungu kimoja. Ukizama kwenye ufundi, tiba ya kichawi inadunda mwilini mwako. Ukizama kwenye uchawi, mashine zinakuharibikia, na mchawi aliyekomaa hauziwi tiketi ya treni asije akaizima injini. Hebu fikiria pale stesheni ya SGR, mkaguzi anakupekua hirizi kabla ya begi.

Mimi nasema mara ya kwanza lichezwe na makovu yake yote, bila kiraka. Karibuni tubishane.

Fundi simu, Sabasaba
Mkuu, hadithi hakuna anayeipinga. Tuongelee mapigano. Mchawi anajifunza uchawi mmoja uitwao Harm, wa ngazi ya chini kabisa, na anautupa kuanzia Shrouded Hills, mji wa kwanza, hadi gemu linaisha. Fundi je? Anaokota vyuma jalalani, anaunga bastola, risasi anazihesabu kama sukari ya mwisho wa mwezi, akitokewa na mbwamwitu wawili anakosa mara tano mfululizo. Halafu migodi ya Black Mountain Clan! Unashuka, unashuka tena, na yale magolemu, masanamu yanayotembea, ukiyapiga, upanga wako ndio unaoharibika. Mimi nilitoka mle napigana kwa ngumi.

Mnaita makovu. Mimi natengeneza simu. Simu ikitoka kiwandani na mfumo mbovu wa chaji, simwambii mteja avumilie aonje nia ya kiwanda.

Mwalimu, Kongwa
Kaka fundi, mapigano kwangu ni kero ndogo. Kinachoniuma ni pointi za kupanda levo. Anayepata pointi za vita ni mchezaji anayepiga kwa mkono wake. Virgil, mwenzako wa safari, akimmaliza adui, wewe ulikuwa mtazamaji. Sasa mimi napenda mhusika mwenye ulimi, wa kuongea hadi mlango ufunguke. Gemu linamsifu mdomoni, kisha linamnyima mshahara.

Ila niwape na hili. Nilitengeneza chotara wa zimwi, akili ya chini kabisa. Watu wakawa wanamsemesha kama mtoto, majibu yake yote ya "mimi taka kula", na hata daftari la kazi likajiandika kwa lugha hiyo hiyo. Nilicheka nikiwa peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Ni magemu mangapi mapya yamewahi kukufanyia hivyo?

Mkulima wa zabibu, Hombolo
Nendeni mji wa Ashbury, kuna jamaa anampiga mateke mbwa. Mchukueni yule mbwa. Anapigana kuliko wenzako wote, mjadala umekwisha.

Mwanzisha mada, Area C
Mkulima, huyo mbwa naye ni ushahidi wa fundi! Mbwa koko anayemzidi kila shujaa ni hesabu iliyomshinda mtu.

Fundi, mfano wako wa chaji umenibana, nakiri. Basi nibadilishe kauli. Viraka vya mashabiki haviko sawa vyote. Vipo vinavyorekebisha hitilafu, vinavyorudisha vipande vilivyoachwa na kulifanya lienee kwenye skrini za leo. Hivyo dogo aweke, siku hiyo hiyo. Lakini vipo pia vinavyoondoa ukomo wa levo 50. Hapo nakataa. Ukomo ukitoka, mtu anajijaza kila kitu, anakuwa mwizi, msomi, mganga na fundi kwa pamoja, na ile kuchagua njia moja ukajutia nyingine inakufa. Utamu wote ulikuwa pale.

Fundi simu, Sabasaba
Hapo tumekutana. Na migodi?

Mwanzisha mada, Area C
Migodi… jana usiku niliingia tena makusudi, nije nikubishie kwa ushahidi. Nimeshuka ngazi ya kwanza, nimevunja shoka. Nimeshuka ya pili, umeme ukakatika mtaa mzima, na betri ya laptopu yangu ni ya kuombea dua. Nilikuwa sijasevu tangu juu. Nikalala. Sina la kutetea.

Mwalimu, Kongwa
Na dogo je? Ameshalifuta?

Mwanzisha mada, Area C
Ameanza upya, safari hii na mchawi. Saa hizi kanitumia picha ya skrini: yuko dirisha la tiketi, treni iko pale, kakataliwa. Anauliza kama hiyo nayo ni hitilafu ina kiraka chake.