Nitajuaje kwamba sehemu imefika hali yake rahisi kabisa?

Mama wa Kadutu

Hamjambo ndugu wasomaji. Mwanangu yuko darasa la tano hapa Bukavu, na juma hili wanajifunza kurahisisha sehemu. Zoezi la 84/126 alilimaliza bila taabu: aligawanya juu na chini kwa 2 akapata 42/63, akagawanya kwa 3 akapata 14/21, kisha kwa 7 akafika 2/3. Shida ilianza alipopewa 91/117. Alijaribu 2, 3, 5 na 7, akaona hakuna hata moja inayozigawanya namba zote mbili, akaandika kwamba sehemu hiyo haipungui. Mwalimu wake aliandika pembeni kwamba jibu ni 7/9. Nimeelewa kwamba zote mbili zinagawanyika kwa 13, lakini ningependa kujua mtu anaitambuaje hiyo 13 bila kuonyeshwa, na ni alama gani inayomhakikishia mtoto kwamba amefika mwisho.

Mwalimu wa Ibanda

Mama, mtoto amegawanya vizuri. Kinachomkosa ni njia ya kujua ajaribu namba zipi na aache lini. Sehemu huwa katika hali yake rahisi kabisa pale ambapo namba ya juu, yaani kiasi, na namba ya chini, yaani asili, hazina kigawo cha shirika, yaani namba inayozigawanya zote mbili bila baki, isipokuwa 1. Kujaribu namba tasa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) chache za mwanzo hakuthibitishi jambo hilo, kwa kuwa baada ya 7 kuna 11, 13, 17 na nyingine zisizo na mwisho.

Mimi huwaambia wanafunzi waanze kwa kutoa. Hapa 117 − 91 ni 26, na namba yoyote inayogawanya 117 na 91 bila baki ni lazima igawanye 26 pia. Chukua kitambaa cha sentimita 117 na kingine cha sentimita 91: ikiwa vyote viwili vinakatika katika vipande vya urefu mmoja bila kubakiza kitu, basi ile ziada ya kitambaa kirefu nayo ni vipande kamili vya urefu huohuo. Kwa hiyo hatutafuti tena gizani, bali tunapima vigawo vya 26 peke yake, ambavyo ni 1, 2, 13 na 26. Kwa kuwa 91 ni namba witiri, 2 na 26 zinaondoka. Inabaki 13, na kweli 91 ni 13 × 7, na 117 ni 13 × 9.

Swali lako la pili linajibiwa kwa njia hiyohiyo. Katika 7/9 tofauti ni 2, na 7 haigawanyiki kwa 2, basi kazi imekwisha. Tofauti ikiwa 1, kama katika 34/35, hakuna haja ya kujaribu chochote.

Fundi wa Katuba

Kwa heshima yako, Mwalimu, huku Lubumbashi mimi ningemwanzisha mtoto kwa kuvunja namba katika namba tasa, kwa sababu hapo anaona kila kitu kilichomo. Namba 84 ni 2 × 2 × 3 × 7, na 126 ni 2 × 3 × 3 × 7. Zinashirikiana 2 × 3 × 7, yaani 42, ambayo ndiyo PGCD wanayoiandika darasani, yaani kigawo kikubwa cha shirika. Akigawanya mara moja kwa 42 anafika 2/3 bila kupita ngazi tatu.

Mama wa Kadutu

Asanteni nyote wawili. Tumejaribu 143/187: tofauti ni 44, na kwa kuwa namba zote mbili ni witiri tulijaribu 11 tu, tukapata 13/17. Lakini dada yake aliye sekondari ametuletea 1073/1972. Tofauti ni 899, na hiyo 899 yenyewe hatujui kuivunja. Njia ya Fundi nayo imetushinda hapo.

Kijana wa Himbi, Goma

Mama, msiivunje 899, endeleeni kutoa. Kinachogawanya 1073 na 1972 kinagawanya 1073 na 899, na vivyo hivyo kinagawanya tofauti ya hizo mbili, ambayo ni 174. Sasa mnazo 899 na 174. Mkitoa 174 mara tano kutoka 899, inabaki 29. Kisha 174 ni 29 × 6 bila baki, kwa hiyo kigawo kikubwa cha shirika ni 29, na jibu ni 37/68. Kama baki ya mwisho kabla ya sifuri ingekuwa 1, mngekuwa mmethibitisha kwamba sehemu haipungui hata kidogo. Euclid aliiandika njia hii karibu miaka 300 kabla ya Kristo, na hadi leo kompyuta huitumia, kwa kuwa kuvunja namba kubwa katika namba tasa ni kazi ngumu mno kuliko kutoa na kugawanya.

Mwalimu wa Ibanda

Nakubaliana na kijana, na kwa namba ndogo nakubaliana na Fundi pia, maana anayejua kuvunja namba atatumia ujuzi huo mahali pengi.

Naongeza tahadhari moja, Mama. Wapo watoto wanaofuta tarakimu badala ya kugawanya: katika 16/64 wanafuta 6 juu na chini, wanapata 1/4, na kwa bahati mbaya jibu ni sahihi. Hali ni hiyohiyo kwa 19/95, 26/65 na 49/98. Mpe mwanao 13/39 aone: akifuta 3 atapata 1/9, ilhali jibu ni 1/3. Kinachoruhusiwa kuondolewa ni kigawo, yaani namba inayozidisha, wala si tarakimu iliyokaa pembeni au namba iliyojumlishwa.

Akifika kwenye desimali ataona kwa nini tunasisitiza hali rahisi kabisa. Sehemu hugeuka desimali inayokoma ikiwa asili yake, baada ya kurahisishwa, haina kigawo kitasa kingine zaidi ya 2 na 5. Anayeitazama 21/28 ataona 7 ndani ya 28 na kudhani haitakoma. Lakini 21/28 ni 3/4, yaani 0,75. Kwa upande mwingine, anapolinganisha alama zake, 14/20 na 16/20, aziache zilivyo. Akizirahisisha kuwa 7/10 na 4/5, itambidi atafute tena asili ya pamoja kabla ya kujua ipi imezidi.