Mama anameza kidonge cha usingizi kila usiku: je, hofu ya saratani ina msingi?

Binti wa Kirumba
Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mama yangu ana umri wa miaka 66. Tangu baba afariki, yapata miaka miwili sasa, humeza diazepamu kila usiku. Mwanzoni aliandikiwa na daktari, baadaye akaendelea kujinunulia katika duka la dawa la mtaani. Wiki iliyopita mdogo wangu wa kiume alisema amesoma kwamba vidonge vya usingizi huleta saratani, na sasa anataka kuvificha vyote. Mama naye anasema asipomeza hukesha mpaka asikie boti za dagaa zikirudi Mwaloni alfajiri. Je, habari hiyo ni ya kweli, na je, ni salama kumwachisha ghafla?

Mfamasia, Nyegezi
Dada, pole kwa msiba wa baba. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka: mdogo wako asivifiche. Mtu aliyezoea diazepamu kwa miaka miwili akikatishwa ghafla anaweza kupata mitetemeko, wasiwasi mkali na hata degedege. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi au miezi, chini ya uangalizi wa daktari.

Kuhusu saratani, nadhani habari aliyoisoma inatokana na utafiti wa Daniel Kripke na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la BMJ Open. Walilinganisha wagonjwa 10,529 wa Pennsylvania, Marekani, walioandikiwa dawa za usingizi, na wengine 23,676 ambao hawakuandikiwa, wakawafuatilia kwa wastani wa miaka miwili na nusu. Waliotumia zaidi ya dozi 132 kwa mwaka walipata saratani kwa kiwango kilichowazidi wasiotumia kwa asilimia 35. Hata hivyo, kuandamana kwa mambo mawili hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Anayekosa usingizi mara nyingi ana maumivu, sonona au ugonjwa ambao haujagunduliwa, na saratani nyingi huchukua muda mrefu kuliko miaka miwili na nusu kujitokeza. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka diazepamu katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuvihukumu.

Mvuvi mstaafu, Ukara
Shirika hilohilo, tangu mwaka 2007, limeiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Kwa hiyo sisi tuliokesha ziwani na karabai tuna hofu yetu wenyewe kabla ya kumtisha mama. Binti yangu, mimi ningeuliza kwanza kuhusu kuanguka. Nilipokuwa natumia kidonge hicho niliamka usiku kwenda msalani, miguu ikanilegea, nikavunjika kifundo cha mkono. Tena mama asichanganye dawa hiyo na pombe hata kidogo, kwa sababu viwili hivyo kwa pamoja vinaweza kudhoofisha pumzi.

Binti wa Kirumba
Shikamoo mzee, na asante mfamasia. Mama aliteleza mara mbili mwezi uliopita, nasi tukazilaumu ndala. Jumatatu nitampeleka kliniki pamoja na pakiti zote za dawa. Mdogo wangu nimempa kazi ya kumhesabia mama vidonge, badala ya kuvificha.