MREJESHO: Mkate wa Umbria wa jozi na jibini

Habari wakuu. Niliuliza hapa kwa nini pan nociato, ule mkate wa kienyeji wa Umbria, Italia, wenye jozi (zile kokwa za walnut) na jibini, unanitokea mzito kama tofali huku jibini likichuruzika na kuungua kwenye trei. Asanteni sana, umekubali! Kwa kiasi kikubwa, lakini.

Kilichosaidia zaidi ni kuingiza jozi na jibini baada ya unga kuumuka mara ya kwanza, siyo wakati wa kukanda. Kumbe ncha za jozi zinakata nyuzi za unga. Jozi nilizikaanga kavu kwanza, zikapoa. Na yule aliyesema jibini likatwe vipande vya ukubwa wa harage badala ya kukwaruzwa, ubarikiwe: ukikata mkate unaona vitundu vyenye kuta za rangi ya dhahabu, jibini limeganda humo ndani. Maji nimepandisha hadi ml 350 kwa gramu 500 za unga. Nimeoka kwenye sufuria zito lenye mfuniko, nyuzijoto 230 za Selsiasi dakika 30, kisha 200 bila mfuniko dakika 15.

Ambacho hakijakaa sawa: vipande vya jibini vilivyochomoza juu bado vinaungua. Foili niliyoshauriwa ililainisha ganda tu, sirudii. Ile rangi ya zambarau ndani ya mkate pia bado ipo, inatoka kwenye ngozi za jozi, haina madhara.

Aliyeuliza kuhusu pecorino, jibini la Kiitalia la maziwa ya kondoo: sikuipata, nilitumia Parmesan, jibini gumu la maziwa ya ng'ombe. Inafaa, ila ukali wake ni mdogo. Zabibu kavu na karafuu, ambazo wengine kule huweka, niliziacha.