Kwa nini mauaji ya kwenye riwaya yakitokea mgahawani yananoga zaidi?

Msomaji_Chumbageni

Wakuu salama? Nina swali halina haraka, wapenzi wa hadithi za upelelezi nisaidieni. Mi hizi za nani kaua nimezianza zamani, toka Bwana Msa na kiko chake mpaka kina Joram Kiango, na za Wazungu pia ninazookota kwa wauza vitabu vya mtumba. Sasa nimejigundua kitu, maiti ikiangukia kwenye jumba la tajiri huko shamba Uingereza nasoma huku nasinzia, ila ikiangukia mgahawani, sahani bado ina moto, basi taa ya chumbani haizimwi mpaka mama watoto agombe.

Ya karibuni ni ya Agatha Christie, ile ya 1945 ya sumu kwenye shampeni. Watu saba meza moja, mgahawa wa kifahari London, bethidei ya mwanamke mzuri tajiri, anakunywa, anaanguka, ikaamuliwa kajiua. Mwaka unapita, mume wake anawaita wale wale, mgahawa ule ule, meza ile ile, na kiti kimoja kinaachwa kitupu. We! Hapo kwenye kiti nilikwisha.

Wife anasema ni ulafi wangu tu, eti hata taarifa ya habari ikitaja biriani naongeza sauti. Sikatai, ila nahisi kuna zaidi. Nahisi ni ule mlango wa jikoni, ule weita anaousukuma kwa bega, we huku umekaa unasubiri na kule nyuma hujui kunaendelea nini. Nyie mnaonaje? Na swali la pili, sisi watu wa pwani na kula kwetu kote huku, mi sijakutana na riwaya ya Kiswahili iliyomuua mtu mgahawani na upelelezi ukabaki humo humo hadi mwisho. Kama ipo nitajieni niitafute.

BintiMakorora

Kaka we wa Tanga kweli au umehamia juzi? Maana jibu tumelelewa nalo. Mtoto wa pwani toka anajua kushika tonge anaambiwa usile kwa kila mtu. Mtu akirudi harusini akaanza kuharisha, bibi yangu haulizi alikula nini, anauliza alikula KWA NANI. Neno "kalishwa" hapa mjini linamaliza ndoa na undugu, hakuna kipimo wala daktari, limeshasemwa limesemwa.

Sasa chukua watu waliolelewa hivyo uwapeleke mgahawani. Nyumbani kwa mtu usiyemwamini unaweza kukwepa, nimeshiba shoga yangu, nimefunga, tumbo linanisumbua. Mgahawani umeingia mwenyewe kwa miguu yako, umeagiza mwenyewe, unamlipa mtu usiyemjua akupikie mahali usipopaona, na ukimaliza unasema ahsante. Kila siku tunafanya hivyo na hatufikirii. Hizo hadithi zinakufanya ufikirie, ndo utamu wake na ndo ubaya wake, mi nikizisoma wiki nzima nakula kwangu.

Jiko_la_Nyuma

Nimepika hotelini miaka mingi kabla sijafungua kibanda changu cha supu kwa hiyo niongee kidogo kiufundi. Waandishi wengi wanachemka sehemu moja, wanatia sumu kwenye sufuria. Ukitia kwenye sufuria ya mchuzi umeua ukumbi mzima pamoja na mpishi aliyeonja. Kumlenga mtu mmoja ni shughuli, manake sisi jikoni hatujui nani anakula nini, tunaona kikaratasi cha oda, meza sita, changu wa kukaanga mmoja wali wa nazi wawili, basi, jina hakuna sura hakuna. Sahani inampata mwenyewe pale tu weita anapoishika, na hata ikishafika wateja wanabadilishana, aah we chukua samaki nipe hao kuku. Ndo mana huyo mama Christie simbishii, sumu yake haikupita jikoni kabisa, iliingia kwenye glasi pale pale mezani wakati watu macho yako kwenye shoo. Yule mama vita vya kwanza alifanya kazi kwenye famasi ya hospitali, sumu alikua anazijua kwa kuzipima.

Afu kuna suala la ushahidi ambalo hamjaligusa. Nyumbani kwa mtu vyombo vichafu vinaweza kulala hadi asubuhi polisi wakavikuta. Mgahawani dakika tano sahani iko kwenye maji ya moto na sabuni, meza imefutwa, kitambaa kimebadilishwa, na mteja mwingine keshakaa kwenye kile kiti anaulizia leo kuna nini. Yaani sehemu nzima watu wanalipwa mshahara wafute alama, na hakuna wa kuwashangaa. Visu navyo, saa mbili usiku ukipishana na mtu kashika kisu cha inchi nane ana haraka, jasho linamtoka, nguo ina damu, unamwambia pita kaka. Nje ya jiko sehemu gani utaliona hilo usipige kelele?

Mawili ya bure kwa anayetaka kuandika. Hoteli kubwa chakula cha watu wengi kinatolewa sampuli, kinaandikwa tarehe, kinakaa kwenye friji siku kadhaa ili wageni wakiumwa matumbo kikapimwe. Muuaji asiyejua jikoni hiyo sampuli haiwazi, hapo unamnasa. La pili, vile vyumba vya baridi vya kuingia mtu vina kitasa cha dharura upande wa ndani. Nikisoma mtu kafungiwa humo akafa na mwandishi hajanieleza kitasa kilifanywaje, nafunga kitabu.

Mdigo_wa_Duga

Mi napinga nyote. Ni chakula tu. Mwandishi akieleza mtu kapigwa risasi barabarani unasoma mistari miwili umemaliza, akikueleza supu ya pweza inavyotoka na moshi wake, ndimu pembeni, pilipili ya kuangalia kwa mbali, ulimi unalainika kwanza, ndo anakuletea maiti. Kakukamata mwili kabla ya akili. Wamarekani wameligundua hili wanaandika riwaya za mauaji zenye risipi za keki ndani yake, mtu kafa ukurasa wa arobaini, ukurasa wa hamsini unaambiwa unga vikombe viwili siagi robo. Nimesoma moja, muuaji nimemsahau kabisa ila keki nilipika 😂

Babu_Ngamiani

Wanangu, huyo mpishi kapagusa penyewe halafu akapita. Kasema sahani inampata mwenyewe pale weita anapoishika. Sasa mniambie, mara ya mwisho mlipokula nje, weita alikuwa na sura gani? Alivaa saa? Mrefu mfupi? Hamjui. Mnakumbuka samaki tu.

Chesterton aliliona hilo mapema sana, kwenye kitabu chake cha 1911 cha yule padri mpelelezi, Father Brown. Kuna hoteli ya mabwana wakubwa, wana klabu yao, wanakula samaki kwa visu na uma za fedha zilizotengenezwa kwa umbo la samaki. Mwizi anaingia kavaa koti jeusi tu. Kwa kuwa mabwana usiku ule wamevaa koti jeusi na maweita wamevaa koti jeusi, akipita kwa mabwana anakwenda mbio mbio kichwa chini, wanamwona weita, akifika kwa maweita anatembea pole pole kama mwenye mali, wanamwona bwana. Padri yuko chumba cha pembeni anaandika, hajamwona mtu, anasikia nyayo zinabadilika mwendo, haraka, pole, haraka, pole, na miguu ni ile ile. Akamjua kwa hizo. Hakuna aliyekufa kwa mkono wa yule mwizi lakini kila hadithi ya mgahawani iliyokuja nyuma inadaiwa na ile.

Kisha kuna ya Rex Stout, 1938. Wapishi mabingwa wa dunia wanakutana West Virginia, unafanyika mchezo wa kuonja sosi tisa, kila moja imepunguzwa kiungo kimoja, muonjaji akitaje. Katikati ya mchezo mmoja wao anakutwa kachomwa kisu. Walioona kitu ni wahudumu, watu Weusi, na hiyo ni kusini mwa Marekani wakati ule, mkubwa wa polisi wa pale anawahoji kwa matusi, haambulii kitu. Nero Wolfe, mpelelezi wa hadithi hiyo, ambaye kunyanyuka kwenye kiti kwake ni msiba, anawaita chumbani kwake usiku, anawapa vinywaji, anaongea nao kwa heshima, na kijana mmoja msomi kati yao anamwambia. Basi kesi ikafunguka. Kwa hiyo Msomaji, mlango wako wa jikoni ni sawa, ila mimi naangalia anayeupita. Yeye anawaona wote wa huku na wote wa kule, na nyie hamumwoni.

(Huyo Wolfe mwenyewe malipo aliyoyataka kule yalikuwa risipi ya soseji, kwa hiyo Mdigo naye usimtupe.)

SahareBoy

Shikamoo babu. Mi si msomaji sana ila kuhusu sumu mgahawani iko ya kweli kabisa nashangaa hamjaitaja, bunju. Huku kwetu akiingia kwenye nyavu anatupwa, kila mvuvi anajua. Wajapani ndo wanamla, na mpishi wake lazima awe na leseni. Mwaka 1975 mjini Kyoto mwigizaji mkubwa wa maonyesho yao ya asili, anaitwa Bandō Mitsugorō wa nane, aliagiza maini ya bunju sahani nne kwenye mgahawa, akasema yeye yanamkubali. Akafa. Ile sumu kupika haiondoki, midomo inaanza ganzi, mwili unalegea mpaka pumzi inakata na dawa ya kuivunja hakuna. Siku hizi maini yake kule ni marufuku kuuzwa mgahawani.

Sasa pale muuaji nani? Mpishi aliyeweka au mteja aliyelazimisha? Hiyo ndo ningesoma mimi.

BintiMakorora

@SahareBoy umeniharibia chakula cha usiku lakini hapo umeuliza la maana. Mteja mwenye hela kang'ang'ania, mpishi ana mke na watoto wa kulisha, mwenye mgahawa anamkonyeza mpishi mpe tu. Watu watatu, mkono mmoja.

Msomaji_Chumbageni

Dah nimekuja na swali naondoka na riwaya. Babu umeniweza, nimejaribu kumkumbuka weita wa jana nimekosa hata jinsia yake.

Haya hebu nijaribu. Mgahawa Ngamiani, wa ghorofa moja, juu wanakaa wenyewe. Ijumaa baada ya sala, pilau, pamejaa. Anakufa mwenye nyumba aliyekuja kupandisha kodi. Vipimo vimepelekwa kwa Mkemia Mkuu Dar, majibu hayajarudi, kwa hiyo mjini watu wameshaamua wenyewe kalishwa na nani. Mpelelezi sitaki polisi, nataka mama anayeuza maandazi nje mlangoni, yeye kakaa pale toka alfajiri anaona nani kaingia nani katoka. Muuaji ndo sijui, nilitaka awe weita.

Babu_Ngamiani

Weita sasa kila mtu atamdhania, nimeshakuharibia. Na pilau inatoka sufuria moja, mpishi atakusumbua.

Jiko_la_Nyuma

Namsumbua kweli. Pilau ya Ijumaa haiui mtu mmoja. Iwe kachumbari au juisi, vile vinakuja pembeni. Au muuaji awe muosha vyombo, ndo pekee mwenye sababu ya kushika kila glasi na akaonekana yuko kazini.

BintiMakorora

Muosha vyombo namkataa, kila siku wa chini kabisa ndo anafungwa, hata kwenye hadithi? Awe mjumbe aliyekuja kusuluhisha hiyo kodi. Kakaa meza moja na marehemu, kamimina juisi yeye mwenyewe kwa adabu.

Mdigo_wa_Duga

Mjumbe safi. Ila marehemu asife kabla hajalipa, keshia atakatwa kwenye mshahara.