Mjadala: Duka moja, bei mbili. Je, sheria ya Uingereza iingilie kati?

Mleta mada
Habari zenu wakuu, hasa mlioko huku Uingereza. Nazungumzia maduka makubwa ya mitaani, yale yenye tawi kila mji na tovuti juu yake. Ni haki duka hilohilo kuuza bidhaa hiyohiyo kwa bei moja rafuni na nyingine mtandaoni?

Jumamosi nilikwenda kununua birika la umeme. Lebo inasema pauni 39.99. Nikafungua tovuti ya duka nikiwa nimesimama palepale: pauni 32. Nikamwonyesha kijana wa kaunta, akasema ya mtandaoni hayamhusu, yeye anafuata mashine yake. Haya. Nikabonyeza kuagiza mtandaoni na kuchukua dukani. Haikupita muda ujumbe ukaingia kwamba mzigo uko tayari. Kijana yuleyule akaenda kwenye rafu ileile, akachukua boksi nililokuwa nimelirudisha mwenyewe, akanikabidhi kwa 32.

Sitaki serikali impangie mtu bei. Ninachodai ni kidogo: duka likiwa na bei mbili, lebo ya rafuni izitaje zote mbili. Mwenye haraka zake alipe 39.99 huku akijua. Naomba kuwasilisha.

Muuza Viatu
Mkuu, siku moja njoo usimame upande wetu wa kaunta. Duka la katikati ya mji linalipa pango, na juu yake kuna kodi ya majengo ya biashara inayokokotolewa kutokana na thamani ya pango hilo. Ghala la nje ya mji halibebi mzigo huo kwa kila mita. Weka mishahara, taa, mlinzi na vinavyoibwa. Halafu mtu anaingia, anajaribu jozi nne, nampandia stoo mara mbili kumtafutia namba yake, anapiga picha ubavuni mwa boksi, "asante kaka", huyo anaenda kuagiza akiwa kwenye basi.

Mnaikumbuka Debenhams, yale maduka makubwa ya nguo na vyombo? Matawi ya mwisho yalifungwa Mei 2021. Boohoo, wauza nguo wa mtandaoni, walinunua jina na tovuti kwa pauni milioni 55, majengo na wafanyakazi hawakuyataka. Mkitaka kila duka lifuate bei ya mtandaoni, mtabaki na majina tu.

Mleta mada
Gharama sibishi. Ila birika langu halikutoka ghalani, ndugu yangu. Lililouzwa kwa 32 lilikaa kwenye rafu inayolipiwa pango hilohilo na likatolewa na kijana anayelipwa mshahara uleule. Tena nilimpa kazi ya ziada. Kama ni gharama, hizo pauni nane zilipungua wapi?

Wakili wa Kijiweni
Kisheria mleta mada huna kesi. Tangu hukumu ya 1953 ya kesi ya Boots, yale maduka ya dawa, bidhaa iliyo rafuni ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ofa akifika kwa keshia, na duka linaweza kuikataa. Mwaka 1961 kesi ya Fisher v Bell ikasema hivyohivyo kuhusu kisu kilichowekwa dirishani na bei yake. Kwa hiyo bei ya tovuti haimfungi wa kaunta, wala ya kaunta haiifungi tovuti.

Kinachokatazwa ni kumpotosha mteja. Sheria ya 2024 ya masoko ya kidijitali, ushindani na walaji imeipa mamlaka ya ushindani, CMA, meno ya kutoza faini mpaka asilimia 10 ya mauzo ya kampuni. Lakini bei mbili zilizo wazi, kila moja mahali pake, si upotoshaji.

Mstari unavukwa pale bei inapofichwa. Marekani, mwaka 2007 jimbo la Connecticut liliishtaki Best Buy, wauza vifaa vya umeme, kwa sababu kompyuta za dukani zilionyesha ukurasa unaofanana na tovuti yao ya kawaida, kumbe ni wa ndani na una bei za dukani. Mteja aliyekuja akidai punguzo aliloliona nyumbani alionyeshwa kwamba halipo. Na mwaka 2022 maduka ya Target walikubali kulipa dola milioni 5 huko California katika kesi iliyodai, pamoja na mengine, kwamba programu yao ya simu ilibadilisha bei kulingana na mahali alipo mteja. Hayo ndiyo ya kupiga vita.

Mama Reading
Nyote mnaongea kama watu wenye simu mkononi. Mama mkwe wangu hana intaneti kwenye simu yake, na kadi ya benki haijui. Akitaka pasi anaingia dukani na noti zake, anasoma lebo, analipa. Mgeni aliyefika mwezi jana na hajafungua akaunti ni hivyohivyo. Punguzo linamwendea aliyekwisha kujua, na bei kubwa inamwangukia asiye na pa kulinganishia.

Na Wakili umeliruka hili: anayenunua mtandaoni ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, kwa kanuni za 2013. Wa dukani, kama kitu ni kizima, kurudisha ni hisani ya duka. Yaani mama mkwe analipa zaidi na haki anapata pungufu. Hapo mnaniambia nini?

Mjaza Mapipa
Msidhani mtandaoni ni nafuu siku zote. Mimi kila mwaka najaza mapipa ya kupeleka Tanga, nayajua maduka haya rafu kwa rafu. Primark, wale wa nguo za bei rahisi, kwa miaka mingi hawakuuza chochote mtandaoni. Novemba 2022 ndipo walipojaribu nguo za watoto katika matawi 25, na hata hapo mzigo unaufuata mwenyewe. Fulana ya pauni tatu haiwezi kubeba nauli ya kuletwa mlangoni. Vilevile kuna vibandiko vya kumaliza stoo anavyobandika meneja jioni, tovuti haina habari navyo. Je, sheria yako itaidai na tovuti itangaze vibandiko vya tawi la mji wa Luton?

Mtu wa Takwimu
Kuna utafiti wa mchumi Alberto Cavallo, 2017: maduka makubwa 56 yanayouza kwa njia zote mbili, nchi 10. Bei za dukani na mtandaoni zilikuwa sawasawa kwa asilimia 72 ya mara, na Uingereza ilikuwa juu ya wastani huo. Naona mnatunga sheria kwa ajili ya birika moja.

Mleta mada
Kama wengi wao bei ni moja, basi lebo ninayodai haitawagharimu kitu. Itawagusa wachache wenye mbili. Maduka ya John Lewis waliirudisha ahadi yao ya kutozidiwa bei mwaka 2024, wakaongeza hata wauzaji wa mtandaoni pekee kama Amazon. Kama wao wanaweza kuikabili bei ya mshindani, mwingine atashindwaje kukabili bei yake mwenyewe?

Vibandiko vya Luton namwachia Mjaza Mapipa, hapo amenishika. Nidai lebo ya rafuni tu.

Mama Reading kaniongezea hoja ambayo sikuwa nayo. Ila Muuza Viatu hajajibu lile la rafu. Kwenu, mteja akimwonyesha meneja bei ya tovuti yenu wenyewe, meneja anaruhusiwa kushusha?

Muuza Viatu
Anaruhusiwa. Ni kubonyeza mara mbili kwenye mashine na kuchagua sababu. Maelekezo tuliyopewa ni kusubiri mteja aulize mwenyewe.