Nimeambiwa chakra yangu ya moyo imefungwa: nianzie wapi, na mapigo haya ya usiku yanatoka wapi?

Mwalimu_Walukuba (Jinja):

Habari zenu, ndugu na dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Jinja, mwanamke wa miaka 41, na ninafanya yoga kwa mwezi wa nne sasa. Nilianza kwa sababu mbili za kawaida kabisa: mgongo ulikuwa ukiniuma kwa kukaa muda mrefu nikisahihisha karatasi za mitihani, na usingizi ulikuwa umenihama tangu mama yangu alipofariki mwaka jana. Mgongo umepata nafuu kubwa. Usingizi nao ulikuwa umeanza kurudi, mpaka wiki tatu zilizopita.

Siku hiyo mwalimu wa darasa ninalohudhuria, ambaye sitamtaja, alipitisha kiganja mbele ya kifua changu bila kukigusa, akasema chakra ya moyo, yaani kituo cha nguvu ambacho katika yoga husemwa kiko kifuani, imefungwa kwa huzuni na ile ya chini ya uti wa mgongo haina nguvu. Alinipa zoezi la kuvuta na kutoa pumzi kwa kasi, mizunguko mitatu ya pumzi 60, kisha kuzuia pumzi kadiri ninavyoweza huku nikiwaza rangi ya kijani kifuani. Ninalifanya saa tatu usiku barazani, watoto wakishalala. Alinishauri pia nilipie vikao saba, kimoja kwa kila chakra, pamoja na mawe ya rangi, jumla shilingi 700,000.

Tangu nianze zoezi hilo, midomo na ncha za vidole huingia ganzi, kichwa huzunguka, na nikilala moyo hudunda mpaka naona shuka likitikisika juu ya kifua. Yeye anasema hiyo ni dalili kwamba chakra inafunguka, na kwamba nivumilie. Naomba kuuliza: mtu anajuaje ni chakra ipi haiko sawa? Je, ni lazima kuzifuata kutoka chini kwenda juu? Na mapigo haya niyavumilie kweli?

Mkeka_na_Pumzi (Kampala):

Mwalimu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Mimi ninafundisha yoga hapa Kampala, na kabla sijasema neno lolote kuhusu chakra, nakuomba uache zoezi hilo la pumzi za kasi kuanzia usiku wa leo. Mtu anapopumua hivyo hutoa hewa ukaa nyingi kuliko ile ambayo mwili unaizalisha, na hewa hiyo ikipungua katika damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa. Ndipo kichwa kinapozunguka, na midomo na vidole kuingia ganzi. Jambo hilo humpata hata mtu ambaye hajawahi kulisikia neno chakra. Isitoshe, pumzi za kasi huuamsha mwili, kwa hiyo kuzifanya saa tatu usiku ni kuchochea moto wa jiko ambalo unataka lipoe.

Wazee wa yoga wenyewe walilionya jambo hili. Kitabu cha hatha yoga, yaani yoga ya mikao na pumzi, cha karne ya 15, kinachohusishwa na Svatmarama, kinafundisha kwamba pumzi hufugwa kidogo kidogo kama anavyofugwa simba, tembo au chui milia, la sivyo humuua anayeifuga. Aliyewahi kumwona tembo wa mbuga ya Murchison akigeuka na kutandaza masikio hahitaji kuelezwa zaidi maana ya mfano huo.

Sasa chakra. Neno lenyewe ni la Kisanskriti na maana yake ni gurudumu. Mafundisho yake yametoka katika mapokeo ya tantra ya India, yaani njia ya ibada na taamuli ambayo mwalimu humrithisha mwanafunzi, na mwili unaozungumzwa humo ni mwili wa ndani usioonekana, wenye njia za nguvu ziitwazo nadi. Kuu ni tatu: ida upande wa kushoto, pingala upande wa kulia, na sushumna inayopanda katikati kufuata uti wa mgongo. Mpangilio unaofundishwa sana leo unatokana kwa sehemu kubwa na maandishi ya Purnananda wa Bengal ya mwaka 1577, ambayo John Woodroffe, Mwingereza aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta, aliyachapisha kwa Kiingereza mwaka 1919. Humo kuna vituo sita na kilele chake: muladhara penye msamba, svadhisthana kinenani, manipura kitovuni, anahata moyoni, vishuddha kooni, ajna kati ya nyusi, na juu ya yote sahasrara utosini. Mapokeo mengine, hasa ya Kibuddha, huhesabu vinne au vitano. Kama chakra zingekuwa viungo kama figo na ini, hesabu isingetofautiana hivyo. Walimu hao walikuwa wakimwonyesha mwanafunzi mahali pa kuiweka fikra yake wakati wa taamuli, na kila ukoo wa walimu ulikuwa na njia yake.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na mtu anayepitisha kiganja hewani akakusomea kilichofungwa kifuani mwako. Alijua umefiwa, au aliiona huzuni usoni pako, na kuiona huzuni ya mtu aliyefiwa si kazi ngumu. Rangi nazo zisikubabaishe. Huu mfuatano wa upinde wa mvua, nyekundu chini na zambarau juu, ulienea nchi za Magharibi katika karne ya 20. Kwa Purnananda, alama ya ardhi katika muladhara ni mraba wa manjano, alama ya moto katika manipura ni pembetatu nyekundu, na ya hewa katika anahata ni nyota ya pembe sita yenye rangi ya moshi. Anayetulia kwa kuwaza kijani na awaze kijani, lakini hiyo si sababu ya kununua jiwe la kijani.

Kuhusu kuanzia chini, hapo nakubali, kwa sababu mtu mwenye majonzi na uchovu anahitaji kwanza kuihisi ardhi iliyombeba. Lala chali juu ya mkeka, miundi yako ikiwa juu ya kiti cha plastiki na magoti yamekunjwa. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, usiizuie popote. Ukihesabu kwa mwendo wa saa, hizo ni pumzi sita kwa dakika. Pumzi ndefu ya kutoka huisaidia neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni mpaka moyoni na tumboni, kupunguza kasi ya mapigo. Baada ya dakika tano, peleka fikra kwenye uzito wa nyonga zako zinavyokandamiza mkeka, mpaka uhisi mabua ya mkeka moja moja. Hiyo ndiyo kazi ya muladhara, na kwa wiki mbili usiende kwingine. Baadaye weka kiganja kifuani, utamke polepole silabi ya anahata, *yam*, usikie mtetemo wake mfupani. Machozi yakija, yaache yatoke.

Muuguzi_Arua:

Nimefurahi kwamba mwenzangu ametangulia kukuzuia. Mimi ninaongeza upande wa hospitali, kwa kuwa nimewaona wagonjwa waliokuja wamechelewa kwa sababu mtu fulani aliwapa maelezo mazuri ya dalili mbaya.

Moyo kwenda mbio usiku unaweza kusababishwa na wasiwasi na namna ya kupumua, lakini pia na upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, homa, chai ya rangi au kahawa ya jioni, au hitilafu ya moyo wenyewe. Huwezi kuzitenganisha sababu hizi kwa kufumba macho. Nenda ukapimwe shinikizo la damu na wingi wa damu, na daktari akiona haja, kipimo cha umeme wa moyo; hapo Jinja mna hospitali ya rufaa. Mweleze pia kama hedhi yako ni nzito, hata asipouliza.

Kabla ya kwenda, jihesabie mapigo kwa usiku mitatu. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uangalie saa kwa dakika nzima, kisha uandike namba hiyo kwenye daftari. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Ukipata maumivu ya kifua, ukazirai au ukakosa pumzi, usisubiri usiku wa tatu. Nenda saa hiyo hiyo.

Wenye shinikizo la juu la damu, wajawazito, wenye kifafa na wenye ugonjwa wa moyo wasifanye pumzi za kasi wala kuzuia pumzi kwa muda mrefu. Mwalimu yeyote alipaswa kukuuliza hayo kabla hujatandika mkeka.

Bibi_wa_Bombo:

Mwanangu Mwalimu, Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Mwislamu, nina miaka 63. Mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa, nilikuwa na miaka kumi. Mama mmoja jirani yetu alikuwa akikaa barazani kila alfajiri, mgongo wima kama mchi, mikono juu ya magoti, na mama yangu alitukataza kuchota maji kwa kishindo mpaka atakapofumbua macho. Aliondoka na sanduku moja, na ile baraza ikabaki tupu. Miaka mingi baadaye, magoti yaliponisumbua nikaingia darasa la yoga, yeye ndiye aliyenijia akilini.

Kwa heshima yote kwa mwalimu wa Kampala, hiyo *yam* si mlio mtupu. Ni mbegu ya sala katika dini ya wenyewe. Chakra huchorwa kama ua, na kila petali ina herufi yake, petali 4 chini, 12 moyoni, 16 kooni, na kila kituo kina miungu wake. Tukiwaheshimu wenye asili hiyo, tusijifanye hatujui wanachokisema. Mimi huchukua mkao na pumzi, na mahali pa silabi nanyamaza. Mwingine ataona tofauti, lakini achague akijua.

Tena, mbona tunatafuta majedwali ya mbali kana kwamba lugha yetu haijui mwili? Mtu mwenye hofu tunasema roho iko juu juu, na habari njema ikija tunasema roho imetua. Aliyenyimwa kusema ana fundo kooni. Mwenye huzuni moyo wake mzito, na aliyeshtuka magoti yanamlegea. Ukikaa jioni usijiulize ni chakra ipi imefungwa. Jiulize leo neno gani la Kiswahili linausema mwili wako, kisha utulie hapo hapo linapokaa.

Mwalimu_Walukuba (Jinja):

Nimerudi baada ya siku tisa, na nawashukuru nyote kwa dhati. Ganzi ilikoma usiku wa pili tu baada ya kuacha zile pumzi za kasi. Mapigo niliyoandika yalikuwa 104, 98 na 101, nikaenda hospitali nikiwa na daftari langu mkononi. Shinikizo la damu liko sawa, lakini wingi wa damu ni 9.6, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Nimepewa vidonge vya madini ya chuma na nitarudi baada ya mwezi. Vikao saba sikuvilipia.

Ninafanya pumzi ya nne kwa sita kila jioni, miguu juu ya kiti. Siku ya kwanza nilihisi mgongo peke yake. Siku ya tano mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, nikahisi nyonga zimezama mkekani kama gunia la mchele, na nikapitiwa na usingizi hapo hapo. Swali la Bibi nalo nimelifanya, na jibu limenishangaza: si moyo mzito. Ni fundo kooni. Mama alipokuwa mahututi nilikuwa nikisimamia mitihani, sikuwahi kumuaga. Je, sasa nihamie vishuddha?

Muuguzi_Arua:

Neno moja tu: vidonge hivyo usivimeze na chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, na chai uinywe saa mbili baadaye.

Mkeka_na_Pumzi (Kampala):

Nimekubali maneno ya Bibi, na darasani kwangu nitaanza kueleza asili ya silabi hizo kabla ya kumwomba mtu azitamke.

Mwalimu, usihame. Malizia wiki zako mbili kwenye nyonga, maana ndizo zilizokurudishia usingizi. Ila mwishoni, ukiwa bado umelala, funga midomo bila kuuma meno, uvume kama nyuki kwa pumzi yote inayotoka. Zoezi hili huitwa bhramari, na halina neno lolote ndani yake. Mtetemo utausikia kooni na chini ya masikio. Fanya mara sita, kisha nyamaza kwa muda. Ukijisikia kumwambia mama yako jambo, liseme kwa sauti, kwa lugha mliyokuwa mkizungumza nyumbani.